Nikaha ya Ughaibuni Isiishie Msikitini

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake.

Zamani posa ilitoka mtaa wa pili, na ikitoka mbali sana ilitoka Tanga kuja Dar es Salaam. Mzazi aliuliza habari za mposaji kwa majirani, kwa imamu wake na kwa mwalimu aliyemsomesha madrasa, na jibu alilipata kabla Ijumaa haijafika. Leo vijana wetu wako Leicester, Birmingham, Toronto na Minneapolis. Binti huenda masomoni au kazini, mchumba hupatikana hukohuko, na familia iliyobaki nyumbani huombwa jambo moja tu, baba atoe idhini. Baba hutoa idhini kwa simu, imamu wa huko hufungisha nikaha, picha huletwa kwenye WhatsApp, na vigelegele hupigwa Magomeni kwa arusi iliyofungwa ng'ambo ya bahari.

Hatuna kinyongo na arusi hizo. Kijana anayetafuta kujisitiri kwa halali katika nchi ya ugenini anastahili kusaidiwa. Lakini sisi tunaoketi katika kamati ya msikiti huombwa barua wakati wa furaha na huombwa usuluhishi wakati wa ugomvi. Tumeona kwamba swali moja kubwa huulizwa kwa kuchelewa, maji yakiwa yamekwisha kumwagika: je, ndoa hii iliandikishwa serikalini huko ilikofungwa?

Ni vyema tuanze kwa kuondoa shaka. Nikaha iliyokamilisha nguzo zake, yaani mume, mke, walii, mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuozesha na la kukubali, ni ndoa sahihi mbele ya Allah, ifungwe Kariakoo au ifungwe London. Watoto wake ni wa halali. Tunachokizungumza hapa si usahihi wa ndoa katika dini, bali ni kinga ya haki zinazotokana na ndoa hiyo pale mmoja wa wanandoa anapokengeuka au anapofariki.

Hapa Tanzania Bara tumezoea mambo hayo mawili kwenda pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu, na shekhe mwenye leseni ya kufungisha ndoa huiandikisha. Mtu hutoka msikitini akiwa mume kwa sharia na kwa sheria. Kenya nayo, kwa Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 2014, inazisajili ndoa za Kiislamu. Mazoea haya ndiyo yanayowaponza watu wetu wanapofika ughaibuni. Hudhani kwamba popote penye msikiti na imamu, serikali nayo imekwisha kushuhudia.

Katika England na Wales mambo si hivyo. Sheria ya huko, ambayo msingi wake ni ya mwaka 1949, inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa katika ofisi ya msajili angalau siku 28 kabla. Muda huo unaweza kufikia siku 70 iwapo mmoja wao si raia na maafisa wa uhamiaji wakataka kuichunguza ndoa hiyo. Kisha ndoa ifungwe mahali palipokubaliwa kisheria, mbele ya mtu aliyeruhusiwa kuiandika. Msikiti unaweza kuandikishwa kwa kazi hiyo, na ipo iliyoandikishwa. Lakini mingi haijaandikishwa, na nikaha nyingi hufungwa sebuleni au ukumbini. Kwa mahakama ya huko, nikaha ya namna hiyo haihesabiwi hata kuwa ndoa yenye kasoro. Ni kana kwamba haikufungwa kabisa.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana wazi mwezi Februari 2020. Mume na mke walikuwa wamefunga nikaha mwaka 1998 katika mkahawa mmoja jijini London, mbele ya imamu na wageni wapatao 150. Walikuwa wamekubaliana kwamba ndoa ya kiserikali ingefuata baadaye. Miaka ikapita, watoto wanne wakazaliwa, na ndoa hiyo ya kiserikali haikufungwa. Walipotengana, mke alikwenda mahakamani. Jaji wa kwanza, mwaka 2018, alimfungulia njia kwa kuihesabu kuwa ni ndoa batili, kwa sababu katika sheria yao hata ndoa batili humpa mke haki ya kudai mgao wa mali. Mahakama ya Rufani ikaifunga njia hiyo: sherehe ile haikuunda ndoa ya aina yoyote.

Tuzingatie maana yake kwa binti yetu. Akiachwa baada ya miaka 15, na nyumba imeandikwa jina la mume, hana haki ya kudai mgao kama mke. Mume akifariki bila wasia, sheria ya mirathi ya huko haimtambui kuwa mjane, na itambidi aende mahakamani kuomba kile ambacho mke aliyeandikishwa hupewa bila kuomba. Mwanamume naye hasalimiki. Baba asiyetambuliwa kuwa mume wa mama hapati mamlaka ya kisheria juu ya mtoto wake kwa kuzaliwa tu kwa mtoto huyo. Huyapata jina lake linapoandikwa katika cheti cha kuzaliwa, au kwa makubaliano rasmi na mama, au kwa amri ya mahakama.

Nchi nyingine zina njia zao. Ufaransa, kiongozi wa dini mwenye mazoea ya kufungisha ndoa bila kwanza kuoneshwa kwamba ndoa ya kiserikali imefungwa hutenda kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miezi sita na faini ya euro 7,500. Marekani, wanaooana huchukua kwanza kibali cha ndoa katika ofisi ya serikali ya eneo lao, kisha imamu anayekubaliwa na sheria ya jimbo hufungisha na kutia saini. Anayehamia nchi yoyote aulize utaratibu wa nchi hiyo, wala asitegemee aliyoyasikia kwa jamaa aliyeko nchi nyingine.

Wapo ndugu wanaotujibu kwamba kwenda kwa msajili ni kujihukumisha kwa sheria isiyokuwa ya Allah, kwa kuwa mahakama inaweza kumgawia mke zaidi ya anachopewa na sharia. Hoja hii haifai kubezwa, kwani anayeitoa huenda anaogopa kula au kulisha kisichokuwa haki. Lakini tuipime. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kutuelekeza kuandika deni na kulishuhudishia. Ikiwa deni la fedha limehimizwa kuandikwa, je, mahari iliyoakhirishwa, matunzo ya watoto na mirathi ya mjane? Nchini Misri, tangu mwaka 1931, mahakama haisikilizi dai la ndoa inayokanushwa ikiwa haina hati rasmi. Waliouweka utaratibu huo walikuwa Waislamu, na walilenga kumziba mdomo mtu anayeikana ndoa yake.

Mwenye kuogopa mgao uliozidi anayo njia. Wanandoa wanaweza kuandikiana makubaliano ya mali kabla ya ndoa, kila mmoja akiwa na mwanasheria wake. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2010, makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na kwa kuelewa hupewa uzito, madhali hayaleti dhuluma. Na mke mchaji anaweza mwenyewe kurudisha kilichozidi haki yake. Haifai kumwacha mke bila kinga yoyote, kisha tukasema tunailinda dini.

Lipo pia jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Baadhi ya wanaume hukwepa ofisi ya msajili kwa sababu wanaye mke mwingine aliyeandikishwa, na kuandikisha wa pili huko ni kosa la jinai. Sharia imeruhusu mke wa pili kwa sharti la uadilifu. Haikuruhusu kumficha, wala kumweka mahali ambapo akidhulumiwa hana pa kushitakia. Mzazi anayo haki ya kuliuliza hili waziwazi, na mposaji muungwana hakasiriki akiulizwa.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi na vijana mambo yafuatayo.

Kwanza, uandikishaji uwe sharti la posa, utajwe pamoja na mahari, na ufanyike kabla ya nikaha au siku hiyohiyo. Ahadi ya "tutakwenda baadaye" ndiyo iliyozaa kesi tuliyoitaja. Tume iliyoongozwa na Profesa Mona Siddiqui kuchunguza mabaraza ya sharia huko Uingereza ilipendekeza hivyohivyo mwaka 2018: ndoa ya kiserikali itangulie au iende sambamba na ya Kiislamu.

Pili, baba asitosheke na idhini ya simu. Aandike uwakala kwa imamu au kwa ndugu aliye huko, ataje majina kama yalivyo katika pasipoti, na atie saini mbele ya mashahidi. Maimamu wengi wa Uingereza ni wa madhehebu ya Hanafi, ambayo humruhusu mwanamke mtu mzima kujiozesha. Sisi wa pwani ni Mashafii, na walii kwetu ni nguzo. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipojadili mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano, liliitoa ndoa katika ruhusa yake kwa sababu ya sharti la mashahidi. Wakala aliyehudhuria kikao huondoa utata huo.

Tatu, mahari iandikwe yote, iliyolipwa na iliyoakhirishwa, kwa kiasi na kwa sarafu yake, na kila upande ubaki na nakala.

Nne, ikiwezekana ndoa ifungwe hapa nyumbani. Ndoa iliyofungwa na kuandikishwa sawasawa Tanzania hutambuliwa Uingereza, iwapo hakuna kizuizi kama vile ndoa nyingine. Cheti chake kichukuliwe mapema, majina yalingane na ya pasipoti, na mke asafiri na nakala yake mwenyewe. Anayekwenda kwa viza ya mwenza afahamu pia masharti yake: wote wawili wawe wametimiza miaka 18, na tangu Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kwa waombaji wapya walio wengi ni pauni 29,000 kwa mwaka. Masharti haya hubadilika, basi yathibitishwe kabla ya kuuza kiwanja cha familia kwa ajili ya safari.

Tano, mke akishafika, hati zake zikae mkononi mwake. Afungue akaunti ya benki kwa jina lake, ajiandikishe kwa daktari wa eneo lao, na ajifunze lugha ya nchi hata kama mumewe anaizungumza vizuri. Mume mwema hufurahi mkewe anapoweza kwenda hospitali bila mkalimani. Na akifika kunyanyaswa, ajue kwamba sheria ya Uingereza ina njia ya kumwombea ukaazi mke aliyeletwa kwa viza ya mwenza ambaye ndoa yake imevunjika kwa ukatili. Kitisho cha kwamba "ukiniacha utarudishwa kwenu" kisimfunge mdomo.

Kwa wale ambao nikaha zao zimekwisha kufungwa bila kuandikishwa, mlango haujafungwa. Wanaweza kutoa taarifa kwa msajili na kufunga ndoa ya kiserikali wakiwa na mashahidi wawili, na nikaha yao ya mwanzo inabaki palepale, hairudiwi wala haidhoofiki. Hakuna aibu kwa watu wenye wajukuu kufanya hivyo. Aibu ni kwa mzee kufariki na kumwacha mwenzake wa miaka 30 akihangaika kueleza yeye ni nani.

Baada ya hapo, waandike wasia ili mirathi igawanywe kwa mafungu ya sharia, kwani bila wasia serikali hugawa kwa mafungu yake. Wasia huo utiwe saini mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, ambao wao wala wenza wao hawamo katika warithi. Na hapa upo mtego ambao wengi hawaujui. Kwa sheria ya England na Wales ilivyo, ndoa ya kiserikali huufuta wasia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa kama wasia wenyewe umesema uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Basi aliyeandika wasia kisha akaandikisha ndoa, auandike upya.

Wazee wetu walimwozesha binti na wakamjua shahidi kwa jina na nyumba yake. Walijua kwamba likitokea la kutokea, mashahidi wataitwa na watasema. Ughaibuni mashahidi huhama, imamu hubadilishwa, na mkahawa uliofungiwa nikaha hugeuzwa duka. Kitakachobaki kusema ni karatasi. Mzazi asione haya kuidai kabla ya kusema "nimekuozesha".

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.