Faharasa ya Tiba Ianze na Maneno ya Mgonjwa

Mjamzito wa Lufingo anayeumwa sana kichwa, anayeona ukungu na aliyevimba uso hahitaji kurasa mia za maelezo. Anahitaji ukurasa mmoja sahihi unaomwambia aende kituo cha afya sasa hivi. Huenda ukurasa huo umo kwenye intaneti. Je, ataupata?

Akiandika "kifafa" katika simu yake, anaweza kuletewa habari za ugonjwa mwingine. Kifafa cha kawaida ni maradhi ya ubongo, na aghalabu hutibiwa kwa vidonge kwa muda mrefu. Kifafa cha mimba huambatana na shinikizo la damu la ujauzito, nacho ni dharura inayohitaji sindano ya magnesiamu salfeti na huduma ya hospitali. Neno ni moja, maradhi ni mawili. Kwa upande mwingine, ugonjwa mmoja huwa na majina mengi: mmoja husema busha, mwingine mshipa, mwingine ngiri maji. Makala yenye jina moja tu humpotea mgonjwa anayetumia jingine.

Wataalamu wa maktaba walilitambua tatizo hili zamani. Mwaka 1879, daktari John Shaw Billings wa Marekani alianzisha faharasa ya maandiko ya tiba iitwayo Index Medicus. Mwaka 1960, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa orodha ya istilahi, MeSH, ambamo jina la kawaida la ugonjwa humwelekeza msomaji kwenye jina la kitaalamu. Amerika ya Kusini haikungoja wagonjwa wajifunze Kiingereza: kituo cha BIREME kilichopo São Paulo kiliandaa orodha ya namna hiyo kwa Kihispania na Kireno.

Wapo watakaosema kwamba mitambo ya kutafutia habari inatosha. Sikubaliani nao. Mfanyabiashara anayerudiarudia maneno "dawa ya presha" katika tangazo lake anaweza kutokea juu ya mwongozo wa daktari, kwa kuwa mwongozo huo umeandika "shinikizo la damu" pekee.

Naona vyuo vikuu vya tiba, Wizara ya Afya na BAKITA waandae pamoja orodha ya istilahi za afya kwa Kiswahili. Kila ukurasa uonyeshe jina la kitaalamu, majina yanayotumiwa na wananchi, dalili, mwandishi na tarehe ya kuhakikiwa. Muuguzi wa zahanati ndiye anayeyasikia majina hayo kila siku. Basi ayaandike na kuyawasilisha.

Nawe, ndugu msomaji, unapotafuta habari, taja hali yako pamoja na dalili: "mimba, kuumwa kichwa". Angalia nani ameandika na lini. Lakini ukiwa na dalili za hatari kama za mjamzito huyo, weka simu kando uende kituoni. Faharasa bora kuliko zote haipimi shinikizo la damu.