Tawi Kavu Nalo Lina Jina Lake

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona mwalimu wa isimu akiandika juu ya matawi makavu. Hata hivyo, mtindo ulioenea katika nyumba za Kilimani, wa kusimamisha matawi makavu mitungini na kuweka sebuleni magogo yaliyotupwa ufuoni na bahari, unaigusa lugha kama unavyoyagusa mapambo.

Wako wanaoubeza mtindo huu kwamba ni uzungu. Sikubaliani nao. Kiswahili huupa mti jina kwa kazi yake: kipande kile kile ni ukuni jikoni, mkongojo mkononi mwa mzee, ufito ukutani na boriti darini. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Fundi wa majahazi naye hutafuta mti uliopinda wenyewe ili apate taruma lifuatalo umbo la chombo. Kuliona umbo la mti na kulithamini si jambo geni kwetu.

Lililo geni ni kukata tawi bichi na kulianika ili lipambe. Kilimani imepoteza miti mingi tangu nyumba zenye bustani zilipoanza kubomolewa kupisha maghorofa. Anayeukata mjakaranda uliosalia kwa ajili ya sebule yake anaongeza hasara, ilhali matawi yaliyoangushwa na mvua yamejaa kando ya njia. Ufuoni nako, magogo huwasitiri kaa na kuuzuia mchanga usipeperuke. Anayechukua moja asiyamalize yote. Tena tusisahau kwamba ng'ambo ya Barabara ya Ngong, kule Kibera, yako majiko yanayokingoja kijiti tunachokiita pambo.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Mwanafunzi aliyelelewa ghorofa ya nane huyajua maneno gome, fundo, utagaa na kisiki kwa kuyakariri tu ili apite mtihani. Akiulizwa tofauti ya mchu, mkandaa na mlilana, atajibu kwamba yote ni miti. Neno lisiloshikwa kwa mkono halidumu kichwani. Tawi moja kavu likiletwa darasani, likapitishwa kutoka dawati hadi dawati, litafundisha msamiati ambao orodha ya ubaoni haiwezi kuufundisha, na halitaigharimu shule hata senti moja.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Gogo la ufuoni limeelea bila kuundwa na mtu, lakini lilikuwa mti, na mti huo ulikuwa na jina. Tukilipamba sebuleni pasi na kulijua jina hilo, watoto wetu watarithi pambo na kupoteza neno. Wanafunzi nao wasingoje mwalimu: waulize nyumbani, hasa kwa wazee, kabla majibu hayajatoweka.