MAMBO YA NYUMBANI: Neno la Punguzo na Hesabu Yake

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari ya fedha ya nyumbani, hasa ile inayookolewa, au inayodhaniwa kuokolewa, kwa maneno ya punguzo yatolewayo na maduka ya mtandaoni. Vijana wetu huyaita "kodi za punguzo", na mzee asiyezoea mambo hayo aweza kudhani ya kuwa serikali imeanza kupunguza ushuru. Sivyo. Ni neno fupi tu, pengine herufi na tarakimu zilizochanganywa, ambalo mnunuzi huliandika mahali palipowekwa kabla ya kulipa, na hapo bei hupungua.

Desturi hii si ngeni. Mwaka 1887, katika mji wa Atlanta huko Marekani, wenye Coca-Cola walianza kugawa vyeti vya karatasi, na kila aliyeleta cheti alipewa bure bilauri moja ya kinywaji hicho, ambayo bei yake ilikuwa senti 5. Hawakutoa kwa huruma. Walijua ya kuwa mtu akiisha kuonja, mara ya pili atakuja na senti zake mwenyewe. Maduka ya leo yafanya vivyo hivyo. Neno la punguzo mara nyingi ni la mnunuzi wa mara ya kwanza tu, au lina siku yake ya mwisho, au halifanyi kazi mpaka ununue vitu vya kiasi fulani cha fedha. Tena maduka mengine humpa kila mtangazaji neno lake, ili yajue ni nani aliyeleta wateja, naye hupata ujira kwa kila mtu alitumiaye. Basi ukimwona mtu katika simu akisifu bidhaa kwa bidii na kukusihi utumie neno lake, ujue huenda yuko kazini.

Sasa na tuitazame hesabu, maana hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Sisi tulio Mjimwema tuko mbali na Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 900 kwa njia ya Iringa na Njombe. Tuseme mwalimu ataka taa ya umeme wa jua, ili watoto wasome usiku, na duka la mtandaoni lataja bei ya shilingi 60,000. Neno la punguzo lamwondolea sehemu 10 katika 100, yaani shilingi 6,000. Zabaki 54,000, naye afurahi. Lakini mzigo hupanda basi kuja Songea, na mwenye basi ataka, tuseme, 7,000. Na makato ya kutuma fedha kwa simu ni 1,500. Jumla yake 62,500. Na huenda taa ile ile yauzwa mjini kwa 62,000, tena aweza kuiwasha pale pale dukani aone kama yafaa, na ikiharibika aujua mlango wa kuirudisha. Mama wa nyumba aliyezoea kununua sokoni hawezi kudanganyika katika jambo hili, kwa kuwa huhesabu nauli kabla ya kuhesabu nyanya. Twashangaa kwamba baba, akiisha kushika simu, husahau hesabu hiyo.

Iko na bei ya zamani iliyopigwa mstari, na chini yake bei mpya. Nani aliyeiona bei ile ya zamani ikitumika? Kitu unachokitaka, andika bei yake leo katika daftari, ukaitazame tena baada ya wiki mbili.

Jihadharini pia na maneno yaliyokufa. Kampuni ya Jumia ilifunga duka lake la mtandaoni hapa Tanzania mnamo Novemba 2019, ikaendelea na kazi Kenya na Uganda. Kwa hiyo neno la punguzo la Jumia ya Kenya, hata likiwa la kweli, halimfai mtu wa Songea. Na mtu akikuuzia neno la Jumia ya Tanzania, amekuuzia hewa.

Lakini hatari kubwa ni wezi. Hutuma ujumbe wa kukupongeza kwamba umepewa punguzo au zawadi, kisha wakuambia utume kwanza fedha kidogo ya "kufungulia", au uwatajie namba yako ya siri. Neno la punguzo la kweli hupunguza fedha utakayolipa; halidai fedha ili lifanye kazi, wala haliulizi namba ya siri. Ujumbe wa namna hiyo upelekeni kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ili namba ya mwizi ifungwe. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka muuzaji wa mtandaoni ataje jina lake, mahali alipo, na bei kamili pamoja na gharama za kusafirisha. Asiyetaja hayo, mwacheni na mali yake.

Hatusemi ya kwamba punguzo halina faida kamwe. Nyumba tatu zikiagiza taa zao pamoja, bei ni 180,000, na punguzo lile lile laondoa 18,000. Mzigo ni mmoja. Tuseme basi lataka 9,000 na makato ni 3,000. Jumla 174,000, yaani kila nyumba 58,000, nayo imeokoa 4,000 kuliko kununua mjini. Fedha na ishikwe na mmoja anayeaminiwa na wote, naye atunze risiti na ujumbe wa malipo. Na mzigo ukifika ofisi ya basi, ufunguliwe pale pale mbele ya karani, taa ziwashwe moja moja, kabla ya mtu kutia sahihi.