Butura: Waulizwe, Wasikaripiwe

Katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini huitwa butura. Mnunuzi hutoa fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno huichukua kahawa yote. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, na viongozi wameikemea msimu baada ya msimu. Butura ingalipo.

Hatuwatetei wanunuzi hao, wanajua wafanyalo. Hoja yetu ni juu ya mkulima. Afisa afikapo kijijini na kusema, "Kwa nini mnauza maua?" huyo haulizi, anashitaki. Wazee huitikia kila neno, na jioni mnunuzi hupita mlango wa nyuma.

Lipo swali la namna nyingine, la mtu atakaye kujua kweli. "Mzee, fedha ile ya mwaka jana ilikidhi haja gani? Ilikufikisha mwezi gani? Na magunia yale, kama ungeyapeleka chamani?" Kisha anyamaze, asubiri. Hesabu ambayo mzee ameipiga mwenyewe haimtoki upesi. William R. Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 juu ya kuzungumza hivyo na walevi: abishiwaye huutetea ulevi wake, aulizwaye kwa upole huanza mwenyewe kutaja sababu za kuuacha.

Majibu si fumbo. Shule hufunguliwa Januari, kahawa ikiwa bado mtini. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare na madaftari hununuliwa. Kuna ugonjwa, kuna msiba. Mwingine atasema waziwazi kwamba malipo ya chama humchelewea, na hilo ndilo jibu lililo gumu kuingia katika taarifa ya afisa. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, walioshuhudia magendo ya karafuu kwenda Mombasa kwa miaka mingi kabla bei haijapandishwa mwaka 2011, hawatastaajabu.

Tunawaomba wakuu wa wilaya zote mbili: msimu huu, kabla ya doria, mabwana shamba watumwe na maswali hayo na daftari tupu. Watakayoambiwa yasomwe mbele ya Chama Kikuu cha KDCU, pasipo kupunguzwa. Na wengi wakisema Januari, basi mkopo mdogo wa chama cha msingi utolewe Januari.