Mtazamaji, Shika Kalamu

Nyumbani kwetu kadi za salamu zilikaa juu ya kabati la vyombo, zimefungwa kwa raba. Baba alizijaza Jumapili baada ya chakula. Juu aliandika jina lake na sanduku la posta, chini yake majina ya wanaosalimiwa, kisha wimbo anaouomba, na mwisho kabisa mstari mmoja wa ujumbe. Mstari huo ndio uliomchukua muda. Aliuandika kwanza kwenye karatasi ya daftari, akausoma kwa sauti, akaukata, akauandika tena, maana alijua utasomwa redioni na watu watausikia. Kadi ikipotea njiani, aliandika nyingine.

Nimemkumbuka Baba na kalamu yake nilipokuwa nikisoma habari za Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani Mweusi aliyefariki tarehe 30 Julai 2022. Huenda jina lake hulijui, lakini jina alilolibeba kwenye runinga ni letu. Mwaka 1966 alikwenda kufanyiwa usaili wa tamthilia mpya ya kubuni ya kisayansi, Star Trek, mkononi ameshika riwaya ya Robert Ruark inayohusu Kenya. Riwaya hiyo inaitwa Uhuru. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, akalipenda neno, akaligeuza herufi ya mwisho, na afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani Enterprise akaitwa Uhura, mwanamke wa Afrika anayesema Kiswahili. Katika kipindi cha kwanza kilichorushwa na kituo cha runinga cha NBC, tarehe 8 Septemba 1966, kuna kiumbe anayejigeuza sura na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili, naye anamjibu. Miaka mingi baadaye, katika filamu ya 2009, tukasikia na jina lake la kwanza: Nyota.

Kazi ya Uhura ilikuwa kukaa na kifaa sikioni, kupokea sauti kutoka mbali na kuzijibu. Ndiyo maana habari hii ya barua za watazamaji naona inamhusu kuliko mtu mwingine yeyote katika tamthilia ile.

Msimu wa kwanza ulipokwisha, Nichols alikuwa amechoka. Maneno ya Uhura yalikuwa yakipunguzwa kila muswada ulipopitiwa upya. Zaidi ya hapo, kwa alivyosimulia mwenyewe, aligundua kwamba barua za mashabiki wake zilifika studioni kwa wingi lakini hazikumfikia, kwa sababu watu wa chumba cha barua walikuwa wameagizwa wasimpe. Hebu fikiri: mtu anakaa kwenye chumba cha kuvalia akiamini hakuna anayemwona, na huku magunia ya barua zenye jina lake yamerundikana majengo machache kutoka hapo. Akaandika barua ya kujiuzulu, akampelekea Roddenberry, akakusudia kwenda kuigiza jukwaani Broadway.

Mwisho wa juma ule alihudhuria hafla ya NAACP, chama cha kupigania haki za Weusi wa Marekani. Akaambiwa kuna shabiki wake mmoja anataka kumsalimu. Alipogeuka akamwona Martin Luther King. King akamwambia kwamba Star Trek ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wakeshe kuitazama. Nichols alipomweleza kwamba anaondoka, King akamwambia hawezi kuondoka, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wao walikuwa wakionyeshwa kama wanavyostahili kuonwa. Jumatatu alirudi kwa Roddenberry na kuomba abaki.

King wakati ule alikuwa na maandamano ya kuongoza, kesi za kukabili na vitisho vya kila siku. Angeweza kuitazama tamthilia, kuipenda na kunyamaza, kama wengi wetu tunavyofanya. Lakini alisema. Neno la mtazamaji mmoja likamrudisha mwigizaji kazini.

Mwisho wa mwaka 1967 tamthilia yenyewe ikawa hatarini, maana NBC ilikusudia kuiondoa baada ya msimu wa pili. Mke na mume wa California, Bjo na John Trimble, wakawaandikia mashabiki wenzao waraka: kila mmoja aandike barua kwa maneno yake, kwa adabu, kisha awaombe wengine kumi nao waandike. Barua zaidi ya laki moja zikamiminika. Tarehe 1 Machi 1968 mtangazaji wa NBC akawatangazia watazamaji kwamba tamthilia inarudi, na kwamba waache sasa kuandika.

Basi kile kipindi kinachotajwa mpaka leo, cha tarehe 22 Novemba 1968, kisingekuwako bila barua hizo, maana ni cha msimu wa tatu. Ndani yake Kapteni Kirk wa Enterprise, Mzungu, anambusu Uhura. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kukataza ndoa za Weusi na Weupe mwaka mmoja tu kabla, Juni 1967, na wakubwa wa NBC waliogopa kwamba vituo vya kusini vingekikataa kipindi. Sitasema lilikuwa busu la kwanza la aina hiyo, kwa sababu Uingereza ilitangulia. Wala sitaficha kwamba katika hadithi wawili wale wanalazimishwa na watawala wenye nguvu za akili, jambo linalonipunguzia furaha kila ninapokitazama. Lakini barua zilizokuja baada yake, alisimulia Nichols, zilikuwa nyingi kupita kawaida, na karibu zote za upendo. Aliyepinga ambaye Nichols alimkumbuka ni mwanamume mmoja wa kusini, naye aliishia kukiri kwamba mwanamume akishapata bahati ya kuwa na mwanamke kama Uhura mikononi hawezi kupigana nayo.

Huko Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1970 BBC ilirusha kipindi kingine cha Star Trek, watazamaji wakalalamika kwamba kinatisha watoto, na shirika likaamua kuweka kando vipindi vinne, pamoja na hicho cha busu. Sababu iliyotolewa ilikuwa mateso na ukatili. Waingereza wakakaa zaidi ya miaka 20 bila kukiona kwenye BBC. Aliyechukizwa alikuwa ameshika kalamu. Aliyependa alikuwa amelala.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tuongee. Tunatazama sana, na tunapenda tunachokitazama. Jioni nyumba nzima inanyamaza kwa ajili ya tamthilia moja, na kesho yake kijiweni, kwenye daladala na saluni hakuna habari nyingine. Lakini kinachowafikia waliotengeneza ni nini? Ni matusi. Dada akiigiza vizuri nafasi ya mke mwenza mkorofi, anazomewa sokoni na kutukanwa kwenye simu yake mpaka anaogopa kushika nafasi kama hiyo tena. Wale wanaotia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki wanakesha studioni ili bibi kijijini afuate hadithi kwa lugha yake, na wengi wetu hatujui hata majina yao. Wanuri Kahiu, Mkenya, alitoa mwaka 2009 filamu fupi ya kisayansi inayoitwa Pumzi, ya dakika 20 na ushei, kuhusu dunia isiyo na maji na msichana Asha anayetoroka na mche mkononi. Wangapi kati yetu tuliomaliza kuitazama tulimwandikia neno?

Nakuomba uandike wiki hii. Chagua kipindi kimoja kilichokugusa. Kitaje kwa jina na siku uliyokitazama. Taja jambo moja ndani yake, dogo kabisa: namna mama yule alivyoweka kikombe mezani bila kusema, au sauti ya mtoto aliyekuwa akiita nje. Sema lilikufanya nini. Kama kuna lililokukera, liseme pia kwa heshima, kama unavyomwambia mkwe. Andika kwa Kiswahili chako unachokisema nyumbani, kiwe cha Mombasa, cha Bujumbura, cha Lubumbashi au cha Mwanza. Mtoto wako akijua kuandika, mpe nafasi naye aongeze mstari. Mae Jemison alikuwa mtoto wa Chicago akimtazama Uhura. Septemba 1992 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kufika anga za juu, na huko alikuwa akianza zamu yake kwa maneno ya Uhura ya kufungua mawimbi.

Nanyi wa vituo na studio, barua zikija, zifikisheni. Mwigizaji wa nafasi ndogo naye ana haki ya kuona jina lake juu ya bahasha. Someni mbili tatu hewani, kama salamu zilivyosomwa.

Baba hakuwahi kukutana na mtangazaji hata mmoja kati ya wale waliosoma kadi zake. Lakini walilijua jina lake. Siku moja, baada ya Baba kuugua na kukaa kimya miezi mitatu, tulisikia redioni mtangazaji akiuliza: mzee wetu wa kadi za Jumapili yuko wapi, mbona kimya? Mama alikimbilia chumbani kumwita.

Kuna mtu sasa hivi, ameandika au ameigiza au amehariri usiku kucha, anafikiri hakuna anayemwona. Mwandikie leo.