Mtungi wa gesi siununui!

Najua nimekuwa kimya, zamu za usiku zimeniandama. Leo nina neno moja na nitalisema wazi, maana limeshaanza kugusa hela ya mama: tangi la samaki lenye mimea halihitaji mtungi wa gesi. Halihitaji! Anayewaambia vinginevyo ama anauza mitungi, ama ameshanunua wake na hataki aonekane kaliwa peke yake.

Kwa wasiojua kisa: mdogo wangu wa Tabata anataka kuanza kazi ya kutengeneza matangi ya samaki yenye mimea hai, ya kuweka kwenye ofisi, hoteli na vyumba vya kungojea vya zahanati. Wazo zuri, nampongeza. Shida ni kwamba ameangalia video mpaka akaamini kuwa bila kutia kabonidayoksaidi majini hakuna jani litakaloota. (Si gesi ya kupikia, mama, ni ile hewa tunayoitoa tunapopumua.) Basi anataka ninunue mtungi, regyuleta na vali huku Texas, dola 200 na ushee kwa tangi moja, nimpe mtu anayekuja Bongo aweke kwenye begi. Na hela? Mama akope kikoba!

Hilo la begi lisahauni, hakuna shirika la ndege litakaloruhusu mtungi uliojaa gesi iliyogandamizwa. Lakini hata ningeweza kuusafirisha, nisingeununua.

Wauzaji wanasema nusu ya ukweli, ndiyo maana wanaaminika. Maji yaliyokaa wazi hewani yana karibu nusu miligramu tu ya kabonidayoksaidi kwa kila lita, na wanaotia gesi hulenga kama miligramu 30. Ukiambiwa hivyo dukani unaona mimea yako ina kwashakoo. Nilipokuwa Houston, mwaka 2018, niliingia duka moja nikasema nataka tangi la udongo tu, bila gesi. Kijana akaniangalia kama mtu aliyekuja wodini kuuliza mganga wa kienyeji yuko chumba gani.

Nusu ya pili hawaisemi. Udongo ulio chini ya tangi una mabaki yanayooza, na bakteria wanaoyaozesha wanatoa gesi hiyo hiyo mchana na usiku. Samaki wanaitoa. Chakula unachowapa kinaishia kuwa gesi hiyo hiyo. Mimea inayoelea ina majani yake hewani, inavuta moja kwa moja na bure. Na ipo mimea, kama valisineria, ambayo inajua kuchukua kaboni kwenye bikabonati za maji magumu. Maji ya huku yana chokaa, na visima vingi vya pwani yetu pia ni hivyo hivyo. Nani aliwahi kupeleka mtungi Ziwa Victoria?

Wala hii si akili yangu. Kuna mama wa Kimarekani, Diana Walstad, mwanamikrobiolojia, aliyeandika kitabu kizima juu ya ekolojia ya tangi la mimea, kikatoka mwaka 1999. Njia yake: udongo wa kawaida usiotiwa mbolea, unene wa sentimita mbili na nusu hivi, juu yake changarawe au mchanga kiasi hicho hicho, mimea mingi tangu siku ya kwanza, samaki wachache, na dirisha au taa ya kawaida. Anashauri hata taa ipumzishwe mchana: iwake saa tano, izimwe saa nne, iwake tena saa tano, ili gesi iliyotumika asubuhi ipate muda wa kurudi. Tangi linalala mchana kama babu baada ya ugali!

Sasa niongee kama nesi. Wodini tunaogopa sana mgonjwa anayepewa dawa, kisha dawa ya kutibu madhara ya ile dawa, kisha ya tatu ya kutibu ya pili. Tangi la gesi ndivyo lilivyo. Unatia gesi, kwa hiyo unahitaji taa kali ili gesi itumike. Taa kali inafanya mimea ile haraka, kwa hiyo unanunua mbolea za chupa. Mbolea na taa vikikosana kidogo unapata mwani, ule utando wa kijani, na dukani kuna dawa yake pia. Kila wiki unakata majani. Kila baada ya miezi unajaza mtungi. Huyo si samaki wa mapambo, huyo ni mgonjwa wa ICU!

Na gesi yenyewe inaua. Mgonjwa wa mapafu akishindwa kuitoa kabonidayoksaidi, damu inakuwa na asidi, anasinzia, na asiposaidiwa anakwenda. Samaki ni vivyo hivyo. Usiku mimea haiitumii ile gesi, nayo inatoa ya kwake. Vali ikiachia kidogo tu, asubuhi unakuta samaki wamejipanga juu ya maji midomo wazi.

Tukija kwenye umeme ndipo nashindwa kabisa kumwelewa mdogo wangu. Mnadhani Marekani umeme haukatiki? Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme sehemu kubwa ya Texas, nyumba zaidi ya milioni 4 zikawa gizani, wengine kwa siku kadhaa. Hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246 waliokufa. Wakati huo nilishahamia Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, na ndani ya fleti tulikuwa tunaona pumzi zetu wenyewe. Tangi langu nililifunga blanketi na kanga mbili. Halina pampu, kwa hiyo hapakuwa na pampu ya kusimama. Nilipoteza samaki wawili kwa baridi, wengine wakaishi. Mwenzangu kazini alikuwa na tangi la maelfu. Pampu ilisimama, maji yakaacha kutikisika, lakini vali yake ilikuwa ya mkono na gesi ikaendelea kububujika. Hakubaki hata mmoja.

Halafu Julai 8, 2024, kimbunga Beryl kikapiga Houston, wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme, safari hii kwenye joto la kiangazi. Shoga yangu wa Mombasa anayeishi kule ana tangi kama langu, lipo dirishani. Jua linaingia, mimea inatoa oksijeni, samaki wapo. Alichosumbuka nacho ni nyama ya friji.

Mtasema tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha umeme mwaka 2024 mambo ni nafuu. Sawa. Lakini LUKU ikiisha saa nane usiku kwenye zahanati ya mteja wako, bwawa litakusaidia nini?

Hesabu yangu ni hii. Tangi la lita 38 nililinunua dola 20, udongo wa kupandia maua dola 6, changarawe 5, taa ya mezani 12, mimea 15. Jumla dola 58. Huko hata kioo mafundi wa madirisha wanaweza kukugundishia, udongo upo nyuma ya nyumba ya mama, ila usichukue palipotiwa samadi. Mbichi itajaza maji amonia. Mgonjwa wa ini amonia ikipanda anachanganyikiwa hata jina lake. Samaki hana hata muda wa kuchanganyikiwa. Kwa hiyo wiki za kwanza badilisha maji mara kwa mara, na usitie samaki mpaka mimea ishike. Ikishika, yenyewe inakula amonia. Ndiyo chujio lako hilo.

Kama kuna pa kuogopa, ogopa haya. Maji ya bomba ya Dallas na Houston yanatiwa kloramini, ambayo haitoki hata ukiacha ndoo wazi usiku kucha, lazima kuwe na dawa ya kuivunja. Wenzangu wa mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo wanaijua vizuri, ikipenya inapasua chembe nyekundu za damu. Klorini ya kawaida ni rahisi, ndoo ikae wazi siku moja au mbili. Mdogo wangu, waulize watu wa maji wanatia ipi.

La pili ni kichocho. Nimesikia una mpango wa kuchukua mimea bwawani. Usiingie peku, usitie mikono mitupu! Konokono wa kichocho anajishika kwenye majani, na vijidudu vinavyotoka kwake vinapenya ngozi. Mtoe kila konokono kwa glavu, mimea ikae kwenye ndoo siku kadhaa ukibadilisha maji. Bora zaidi, nunua kwa anayeiotesha. Na gugu maji usiliguse hata kama linapendeza. Watu wa Mwanza na Kisumu wanajua limewafanyia nini, na huku Texas kulimiliki bila kibali ni kosa.

Sibishi kila kitu. Yale matangi ya Mjapani Takashi Amano, yenye majani mafupi yaliyotandaa kama zulia na mimea myekundu kama pilipili, ni mazuri kupita kiasi, na mengi ya namna hiyo bila gesi hutayapata. Ukitaka kushindana nao, nunua mtungi. Lakini mama anayesubiri majibu ya malaria ya mtoto hatauliza zulia liko wapi. Anataka amwonyeshe mwanawe samaki anapita kwenye majani.

Basi mama, kikoba usikope. Mwezi huu natuma dola 60 za tangi la kwanza, na taa mbili nitampa mtu anayekuja Desemba. Wewe mdogo wangu ukilipanda nitumie picha, uandike na tarehe, halafu nyingine baada ya miezi mitatu. Haya, saa ya zamu imefika, naenda kubeba boksi!