Wokovu hauna mchango

Mama mmoja aliniuliza kama atapoteza wokovu kwa kuwa hakutoa sadaka iliyoombwa. Feza aliyobaki nayo ni minervali ya mtoto. Nilimjibu: lipa masomo.

Tusome Matendo 16, kuanzia mstari wa 25. Kule Filipi, tetemeko lilifungua milango ya gereza usiku. Mlinzi alitaka kujiua, akidhani wafungwa wametoroka. Kisha, akitetemeka, akawauliza Paulo na Sila afanye nini apate kuokoka. Hawakumwomba hata senti. Walimwambia amwamini Bwana Yesu, yeye na nyumba yake.

Angalieni kilichofuata. Saa ileile aliwaosha vidonda, akabatizwa pamoja na watu wake, akawapa chakula. (Nani alipika usiku ule? Luka hasemi, lakini sisi wamama tunawaza.) Imani ilitangulia, matendo mema yakaja nyuma. Waefeso 2:8-10 inafuata mpango huohuo.

Katika likelemba, asiyechanga hapokei. Wokovu si likelemba. Sadaka ni shukrani, na anayemtisha mama maskini ili atoe anaharibu shukrani hiyo.

Kwa vikundi, wiki hii someni Luka 23:39-43. Yule muhalifu msalabani alikuwa na nini cha kutoa?